Kifurushi cha Kipa wa Lumbesa

Sokoni Tandale Mwinshehe hana jina. Ni "we kubeba!", "we jasho, sogea!", basi. Siku nzima yuko na lumbesa mgongoni, yale magunia ya viazi yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa cha pili, na mwenye mzigo anamfuata nyuma anamfokea kama kaibiwa. Jina lake analisikiaga Jumapili tu, akisimama golini. Timu ya wabeba mizigo inaitwa Lumbesa FC, na kipa ni yeye. Hapo watu wazima wanapasuka koo: "Mwinshehe! Mwinshehe!" Hata wakimtukana, wanamtukana kwa jina.

Sasa hilo jina ndo lilikuwa linataka kumponyoka. Mechi za nyuma alifungwa hovyo, mipira mingine anaiangalia inapita kama mtu anayesindikiza wageni. Kocha Kasimiri, muuza nyanya mwenye hasira za bure, akamvuta pembeni kabla ya mechi.

"Kaka, leo ni timu ya Boko, na mshindi anaondoka na mbuzi. Wakikufunga hata kimoja, glavu anachukua Brightson."

"Brightson huyu anayeogopa mpira?"

"Huyo huyo. Wewe una mgongo, yeye ana miguu."

Brightson mwenyewe kasimama palepale, kanyoa kiduku, anatafuna bigijii. "Pumzika tu, braza mkubwa. Heshima yako ipo."

"Ipo ndani ya glavu, na glavu ziko mkononi mwangu. Nitokee!"

Halafu tumbo tupu. Asubuhi alikimbilia mzigo, hakula. Mkewe, Tunu, alimfungia mihogo ya kukaanga na pilipili. Mifuko ya plastiki siku hizi hamna, magazeti yameisha, basi akachana kipande cha kaniki yake kuukuu, nyeusi tii, akakaza na uzi mwekundu wa kushonea. "Utakula mapumziko. Usije ukadondoka wakasema sikupikii." Mwinshehe akakiweka kifurushi chini ya nguzo ya goli, mpira ukaanza.

Hao Boko bwana! Wamekuja na Coaster, jezi zina majina mgongoni, kila mtu na maji yake ya chupa. Lakini kwenye geti la shule, ulipo uwanja, hawakupita. Eti geti limetengenezwa kichawi, mtu ameshamwaga dawa. Wanaume wazima wenye ofisi zao wakaruka ukuta wa shule mmoja mmoja, suruali zinachanika.

Straika wao, Gibson, jitu la miraba minne, akabaki yeye na kipa tu. Akanyanyua macho apige. Akaiona kaniki chini ya nguzo, nyeusi, uzi mwekundu, kama hirizi ya mganga. Mguu ukaishiwa nguvu, mpira ukaenda vyooni.

"Refa! Kuna kitu pale!"

"Kitu gani?"

"Huoni? Kaniki! Uzi mwekundu!"

Refa akasogea kuangalia, akarudi nyuma haraka kuliko alivyokwenda. "Sheria haijakataza kaniki. Cheza!"

"Si ukifungue!"

"Kifungue wewe. Mie nina watoto."

Mwinshehe, mtoto wa Kizaramo, hafundishwi utani. Akapiga magoti, akakiinamia kifurushi, midomo inacheza. Alichokuwa anasema ni hiki: "Mihogo yangu, nivumilie, nakuja." Kuanzia hapo Boko wakawa wanapiga mashuti kutokea mbali kama wanafukuza mbwa.

Mapumziko yakafika, ndo akagundua kajitega mwenyewe. Akikifungua ale, mchezo umekwisha. Akakaa anakitazama, anameza mate. Boko wakaona shingo inapanda na kushuka, wakaambiana, "Anasoma huyo!"

Kipindi cha pili Lumbesa wakatia mabao mawili, la pili kwa bega. Mechi inakaribia kuisha, beki wa Lumbesa akambeba Gibson mzimamzima kama gunia. Penati.

Brightson alikuwa nyuma ya goli. Akapiga hesabu zake za kishenzi: mbuzi tayari wetu, Boko wakipata moja haidhuru timu, inamdhuru Mwinshehe tu. Na ile harufu ya mihogo alishainusa zamani. Akakivuta kifurushi, akakata uzi kwa meno.

"Gibson! Ona unachoogopa! Mihogo, we mjinga!" Akachovya kipande kwenye pilipili, akakitupia mdomoni ushahidi uonekane.

Mwinshehe akafumba macho. Glavu hizo zinakwenda.

Lakini Brightson hamjui Tunu. Yule mwanamke anasaga pilipili kama ana kesi nayo. Brightson akatabasamu kidogo. Tabasamu likasimama. Macho yakamtoka, sauti ikakauka, akajishika koo, akaenda chini anagaragara vumbini, kamasi na machozi vinashindana.

Gibson, mpira mguuni, akashuhudia yote. Mtu kafungua, mtu kaanguka.

"Damu ya Yesu!" akapiga kelele, akakimbia macho kayafumba, akapiga. Mpira ukavuka goli, ukavuka ukuta, ukasikika umetua juu ya bajaji ya mtu. Refa naye akapuliza filimbi ya mwisho, hakutaka kukaa pale hata kidogo.

"Mwinshehe! Mwinshehe!" Watu wakamvamia uwanjani wambebe. Yeye akawapenya, akaenda kwenye kaniki. Mihogo yote iko mchangani.

Jioni ya kesho yake Kasimiri akabisha hodi nyumbani kwao, nyuma yake wazee wa kamati ya ufundi ya timu, wale wa mambo ya ndumba, na Brightson, midomo imevimba, kabeba glavu za Mwinshehe zimefuliwa.

"Shikamoo shemeji," Kasimiri akasema, na Tunu ni mdogo kwake. "Jumapili tunacheza tena. Tunaomba utufungie kingine."

"Mihogo ya kukaanga au ya kuchemsha?"

Kasimiri akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Ileile ya Brightson."

Mwinshehe akapaza sauti kutoka ndani: "Funga viwili! Kimoja nile!"