Skrini ya Pili ya Kapteni

Mtaani kwetu fundi wa runinga alikuwa mwanamke, na watu walimwita Fundi Kinyaa. Hakuna aliyempa jina hilo kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kuona uchafu pale ambapo wengine waliona meza tu. Hakunywa maji kwenye nyumba za watu, na rimoti ya mteja hakuigusa mpaka aifute kwa spiriti. Mumewe, fundi cherehani mwenye mzaha, alipenda kusimulia kwamba siku ya kwanza alipomkaribisha kibandani kwake, mwanamke yule alikifuta kiti kabla ya kukikalia. Papo hapo akajua nyumba yake itang'aa na yeye mwenyewe hatapumzika.

Kufungua vyombo vya watu ni kukutana na yale wasiyotaka yaonekane. Ndani ya redio utakuta utando wa buibui, nyuma ya runinga kinyesi cha mijusi, na ndani ya pasi nywele za mtu ambaye hata hamfahamu. Fundi Kinyaa alivaa barakoa na glavu, akafanya kazi amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Kazi yake haikuwa na mfano, kwa hiyo watu walimvumilia.

Mchana mmoja alipigiwa simu na jirani wa mtaa wa pili aliyejulikana kama Kapteni. Hakuwa nahodha wa chombo chochote. Alikuwa karani wa stoo, na ukapteni aliupata kwenye mpira wa gemu, anaoucheza na wenzake kila mwisho wa wiki, wanaume wazima wenye ndevu zao. Aliishi katika nyumba ya mama yake. Mkewe alishaondoka, dada yake aliishi mji wa mbali, na yule mama hakuwa ameonekana nje tangu alipopata kiharusi. Ilisemekana anatunzwa ndani na mwanawe, na watu walimsifu Kapteni kwa hilo.

"Nataka mashine moja ya gemu ionekane kwenye tivi mbili," Kapteni alisema. "Moja sebuleni, nyingine barazani. Jamaa wakijaa ndani hata mkono siwezi kuunyoosha. Wanaosubiri zamu wakae nje, waangalie huko huko."

"Inawezekana. Kuna kisanduku cha kugawa picha. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye mashine, miwili inatoka, kila mmoja na tivi yake. Hiyo tivi ya pili unayo?"

"Ipo. Na mashine yenyewe inajizima ikipata moto. Utaitazama pia."

Sebule ya Kapteni ilipendeza. Skrini ilikuwa pana kama mlango, taa ndogo za rangi zimezunguka ukuta, na marashi ya kupuliza yamejaa hewani mpaka yanawasha koo. Chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine. Fundi aliisikia mara tu alipovua viatu, akadhani ni panya aliyefia darini.

Alianza na mashine. Alitandaza gazeti sakafuni, akalegeza skrubu, akainua kifuniko, na mende wakamwagika. Wakubwa walikimbilia chini ya sofa, na wadogo, wekundu kama mbegu za ufuta zilizokaangwa, wakazunguka zunguka juu ya gazeti. Mende wanapenda joto, na mashine ile ilikuwa imewapa nyumba, kitanda na choo. Feni yake ilikuwa imeshikana kwa mavi yao.

"Hao ni mashabiki," Kapteni alisema, akacheka peke yake.

Fundi hakucheka. Alipiga brashi, akafuta kwa spiriti mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaiacha ile mashine wazi, feni huku na bodi kule, ili vikauke.

"Wakati hivi vinakauka nionyeshe tivi ya pili."

"Iko chumbani kwa mama. Tunaitoa." Kapteni alitangulia ukumbini. "Ni ya zamani kidogo. Haitaharibu picha ya ile kubwa?"

"Itaishusha. Kisanduku hiki kinamfuata mnyonge. Skrini iliyo dhaifu ndiyo inayoamua picha ya zote mbili."

"Ah, basi hiyo ni hasara," alisema kwa uchungu wa kweli.

Waliosema nyumba njema si mlango hawakukosea. Kapteni alifika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akavuta ukosi wa shati mpaka puani, akasukuma mlango kwa mguu, na hakuingia.

Hakukuwa na panya darini. Ndani dirisha lilikuwa limefungwa na nguo imebanwa juu yake. Kwenye stuli kulikuwa na sahani tatu za chakula, moja juu ya nyingine, na ya chini ilikuwa imeota manyoya ya kijani. Ndoo iliyopaswa kumwagwa haikuwa imemwagwa. Juu ya godoro lililoloa alilala mama mzee, mkono mmoja umekunjika kifuani, macho yake kwenye runinga ndogo iliyokuwa ukutani. Ilikuwa inawaka bila sauti.

Fundi Kinyaa alisimama. Mate yalimjaa mdomoni, yale mate ya kabla ya kutapika.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo. "Samahani kwa hali ya hapa."

"Mama, nimeitwa kuitoa hii tivi. Umeambiwa?"

Mama alimtazama mwanawe pale mlangoni, kisha akamtazama fundi. "Itoe tu. Mpe. Nilikuwa naitumia kujua kama kumekucha."

Fundi aligeuka. "Nani anamhudumia mama yako?"

"Kulikuwa na dada wa kazi, akaondoka. Natafuta mwingine." Kapteni alizungumza ndani ya ukosi wa shati. "Chakula namletea. Lakini hayo mengine, fundi, mimi siwezi. Nina kinyaa. Wewe mwenyewe utanielewa, si nasikia na wewe uko hivyo hivyo."

Baadaye alimwambia mumewe kwamba neno hilo ndilo lililomtapisha, si ile ndoo. Alitoka mbio uani akatapika kwenye mtaro, akasukutua mdomo bombani, akaosha uso. Mkoba wake ulikuwa sebuleni na viatu vyake mlangoni, na hakukuwa na mtu ambaye angemlaumu kama angevichukua akaenda zake. Aliuchukua mkoba, akatoa glavu mpya na barakoa ya pili, akaivaa juu ya ile ya kwanza.

"Chemsha maji," alimwambia Kapteni. "Sufuria kubwa."

"Ya nini? Na gemu je? Jamaa wanakuja jioni."

"Gemu yako iko vipande vipande kwenye gazeti, na anayejua kuirudisha ni mimi. Nitairudisha nikimaliza huku. Chemsha maji, kisha ulete shuka safi, sabuni na beseni."

Kapteni akaenda jikoni. Si kwamba aliona aibu. Aliifikiria mashine yake.

Fundi alifungua dirisha. Alimwosha mama yule kuanzia usoni kwenda chini, akijisemesha moyoni kwamba hii ni bodi, hii ni feni, hiki ni kifuniko, kwa sababu bila hivyo mikono ingekataa. Mgongoni alikuta vidonda vya kulala, kimoja kikubwa kama kiganja. Alisita hapo. Mama akasikia mkono umesimama.

"Kinanuka, eh?"

"Kinanuka, mama."

"Afadhali umesema. Yeye hujifanya hanisikii."

Mama alilazwa kwenye mkeka kando, na Kapteni akaitwa kulitoa godoro. Alilishika pembeni kwa vidole viwili, akaanza kutaka kutapika.

"Tapika, kisha urudi," fundi alimwambia. "Mimi nimeshatapika."

Alitapika, akarudi. Walilitoa pamoja mpaka uani, na fundi akamwachia brashi na ndoo ya sabuni alisugue. Godoro la kitanda cha Kapteni mwenyewe, lile nene la chumba cha mbele, ndilo lililoingia kwa mama. Alipolalamika, fundi alitandika shuka.

Fundi alipopita sebuleni kutafuta mto, simu ya Kapteni iliita juu ya sofa. Kwenye kioo paliandikwa Dada. Kwa kawaida Fundi Kinyaa asingegusa simu ya mtu hata kwa kijiti. Aliipokea.

"Wewe nani?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Fundi wa tivi. Kaka yako yuko uani. Unataka kuongea na mama?"

Sauti ile ikaharakisha. "Yuko macho? Kila nikipiga naambiwa amelala."

Fundi alimpelekea mama simu, akaishikilia sikioni kwake. Alisubiri mama aseme. Mama alitabasamu kwa ule upande mmoja uliobaki, akasema, "Mimi sijambo, mwanangu. Kaka yako ananitunza vizuri. Usihangaike na safari, una kazi zako."

Kinyaa kilimpanda fundi upya, na mara hii hakikuwa cha harufu. Aliiona nyumba nzima ilivyokuwa imejengwa juu ya uongo huo: mwana anaficha, mama anamfunika, dada wa mbali anatuma salamu, na mtaa unasifu. Na yeye pia alikuwa miongoni mwa waliosifu. Alitoka na simu ukumbini.

"Dada, mimi si ndugu yenu, na pengine hili halinihusu. Mama yako amekuambia uongo. Ana vidonda mgongoni. Nimemkuta kwenye uchafu wa siku nyingi. Kama unaweza kuja, njoo, na usimwambie kaka yako kama unakuja."

Yule dada hakulia. Aliuliza mambo mawili matatu kuhusu vidonda, kwa sauti kavu, akakata simu.

Fundi aliirudisha mashine ya gemu kama alivyoahidi. Feni ilizunguka bila kelele, picha ikatokea safi kwenye skrini ya sebuleni. Runinga ndogo aliiacha ukutani kwa mama, akaongeza sauti. Kisanduku cha kugawa picha alikirudisha mkobani.

"Na barazani?" Kapteni aliuliza. "Si tulikubaliana tivi mbili?"

"Zipo mbili. Kila moja iko mahali pake."

"Wewe fundi una dharau."

"Ninayo," alisema, akavaa viatu.

Nyumbani alioga mpaka maji yakaisha kwenye pipa. Mumewe alimwekea chakula, yeye akakitazama tu. Alikaa siku kadhaa hivyo, anakunywa chai kavu, harufu ile ikimfuata mpaka kwenye mto, na kila alipomkuta mtu akimsifu Kapteni dukani alihama foleni. Mara moja alimjibu mama mmoja wa jirani, "Ukimsifu tena, nenda kwanza ukamsalimie mama yake." Yule jirani alinuna.

Dada alikuja kabla wiki haijaisha, na gari la kukodi na muuguzi. Hakukuwa na ugomvi wa kusikika mtaani. Mama alitolewa akiwa amekalishwa juu ya kiti, amefunikwa shuka jeupe, na watu wakatoka nje kumwangalia, wengine wameshika vinywa. Kapteni alikuwa kazini, au alisema yuko kazini. Kabla ya mwezi kwisha alipata fundi mwingine, na skrini ya pili ikawekwa barazani. Sasa wanaume wale wanashangilia magoli ndani na nje kwa wakati mmoja, na wapita njia wengine husimama kutazama. Fundi Kinyaa akifika hapo huvuka barabara.

Juzi yule dada alimpigia. Alisema vidonda vimefunga, mama anakaa kitini, anashika kijiko mwenyewe. Alishukuru sana, kisha akasema, "Kila asubuhi ananiuliza kama kaka amekula. Hajawahi kukosa hata siku moja. Nimwambieje?"

Fundi alikuwa ameshika bisibisi mkononi na redio ya mtu iko wazi mbele yake, imejaa vumbi. Aliiweka bisibisi chini.

"Mwambie amekula," alisema. "Na umpe salamu zangu."