Jenereta Yangu Haitoki Hapa

Siku ile Tonton Idi alipokuja kuchukua injini yake naikumbuka mpaka leo, mwanangu Yusufu, na wewe ndiye umenirudisha huko kwa kuja kuniomba jenereta yangu. Keti kwanza. Jenereta usiiguse! Samaki wangu wamo kwenye friza, nao hawajakukosea kitu.

Nimekusikia vizuri, sijazeeka masikio. Jumatatu wageni wa mradi wanakuja kutazama maabara yako ya maji, waamue kama mnastahili kuingia kwenye renforcement, yaani watumishi wa serikali wafundishwe kazi wasiyoiweza. Na wewe, mkuu wa maabara, umejipangaje? Jenereta ya mama yako mkubwa ili jokofu lingurume. Makoti meupe ya kuazima. Halafu, loo, hili ndilo limenipandisha presha, yule kijana wa kliniki ya binafsi anayejua kupima maji, umweke mezani aonekane ni mtu wenu. Haki ya Mungu, mimi nimechoka na nyinyi.

Sikiliza. Nilikuwa binti, nimeingia kazini karibuni, karani katika idara ndogo ya mto hapa hapa Kisangani. Kazi ya idara ilikuwa kuchomeka miti ya alama mtoni, ili mashua zinazoshuka Isangi na kupanda mto Lomami mpaka Opala zijue maji ya kina yako wapi na mchanga uko wapi. Wazee walioijua kazi walikuwa wamestaafu, wengine wamekufa. Waliobaki walikuwa vijana wazuri, lakini walichomeka miti pale walipoona panapendeza. Sisi wote ofisini tulilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Ukaja mradi. Sharti lake halikuwa na fumbo: unachukua idara ya serikali ambayo watumishi wake wenyewe hawaijui kazi yao, unawafundisha. Hautoi injini, haujengi ofisi. Lakini lazima wageni waje waone kwa macho yao.

Direkta wetu alikuwa mtu mwema, mkarimu, suti haina mkunjo. Tatizo lake ni letu sote wa mji huu: mgeni akibisha hodi, tunakimbilia kwa jirani kuazima viti. Akatuita, akasema, "Wageni wanakuya. Tutawaonyesha aibu yetu? Hapana. Bon, tupange nyumba."

Akaenda kwa Tonton Idi, mfanyabiashara ambaye mashua zake zilikuwa zikienda Opala. Akaazima injini ya mashua. Akaona haitoshi, akaazima na nahodha wake, Papa Lofemba, mzee wa Yanonge aliyekulia majini. Wakamvika kofia ya idara yetu. Tukapika liboke na pondu, wageni wakala mpaka wakalegeza mikanda. Kisha Papa Lofemba akawapakia, akawapitisha katikati ya mchanga wote ule wa kiangazi, akawarudisha hawajalowa hata kiatu. Mgeni mkubwa akamshika mkono kwa mikono miwili. Direkta anachekelea kama bwana harusi.

Jibu likaja: hongereni, watumishi wenu wanaijua kazi vizuri sana, nafasi tutawapa wasioijua.

Yeuwi! Direkta alipiga meza, eti tumeonewa, watu wa mkoa mwingine wametoa rushwa, hawa wazungu hawatupendi. Na yuko katikati ya kelele hizo, Tonton Idi akaingia na wapagazi wake kudai injini, maana ilikuwa bado imelala nyuma ya ofisi yetu. Akamwacha amalize. Kisha akamwuliza:

"Direkta, wageni walikuya kuuliza nini?"

"Kama tunastahili."

"Kustahili nini?"

"Kufundishwa kazi."

"Alors, wewe ukawaonyesha Lofemba. Lofemba iko mutu yangu, mimi ndiye namulipa. Wamemuona, wamesema anajua. Hawakukosea. Wewe na batoto bako, hawajawaona bado."

Akatoa ishara, wapagazi wakabeba injini, wakaondoka. Mimi nilitaka kucheka. Direkta akanitupia jicho, nikajifanya nachonga penseli.

Natamani hadithi ingeishia hapo, tungeicheka mpaka leo. Lakini kiangazi kilichofuata, mti mmoja wa vijana wetu ulisimama pasipo mahali pake. Mashua ya mchele kutoka Opala ikauamini, ikapanda mchanga kwa kasi, ikapinduka. Mama Bolumbu wa Isangi, aliyekuwa akiniletea samaki wa kukaanga ofisini, alikuwa ndani na binti yake. Yeye walimwokoa. Binti hatukumpata. Direkta alikwenda matangani na gunia la sukari, akasimama mbele ya yule mama, na yule mama akaendelea kutazama mkeka. Nilikuwepo. Hasira ile ninayo mpaka leo, maana watu wa kutufundisha walikuja, wakala, tukawarudisha.

Na leo unaniletea jambo lile lile, na wewe umesoma kuliko Direkta! Unaniambia eti, "Mama mukubwa, watatuona wajinga." Wawaone! Si ndicho wanachokuja kutazama? Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi kama amejipaka mafuta na kusema haumwi? Na huyo kijana wa kliniki wala si mtumishi wa serikali, kwa hiyo hata wakimpenda hawawezi kumchukua, na nyinyi watakuwa wamewaruka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, Yusufu. Hilo mlifundishwa na bibi yenu kabla hamjaenda shule.

Mjukuu wa Mama Pauline, jirani yangu wa hapa ukutani, amelazwa tena, anaharisha. Mtaa wetu mzima wa Kabondo wanaulizana ni kisima kipi. Jana ulikuja kumpa pole, bibi yake akakuuliza wewe, mtu wa maabara, maji gani asinywe mtoto. Ukasema tutaangalia. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikakuonea huruma, na nikataka kukuchapa.

Basi usia wangu ni huu, na sitaurudia. Jumatatu wapikie wageni, ukarimu si dhambi. Mwiko nitakuazima, na sufuria. Wakishashiba, wapeleke maabara kama ilivyo. Washa swichi, isiwake. Fungua jokofu, waone lilivyo na joto. Waweke watu wako mezani, wale wale wa kila siku, mgeni akiwaambia pimeni, wamjibu hatujui, tufundisheni. Usiwasaidie, usikohoe, usianze kueleza. Ukiona aibu, mkumbuke Mama Bolumbu na ule mkeka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi kifo chenyewe kinakwenda kwa mtoto wa mwingine.

Haya, nenda, usininunie. Mungu akupe uso mkavu siku hiyo moja, akuwekee maneno mafupi mdomoni. Awalainishe wageni mioyo, awape vijana wako vichwa vyepesi vya kujifunza. Na Mama Pauline akikuuliza tena kisima kipi, Mungu akujalie umjibu.