Saa Thelathini za Twila

Twila Vandersee alikuwa na mkono wa mawaridi. Ndivyo walivyosema watu wa Ottumwa, mji mdogo wa Iowa, Marekani, na hawakuwa na maana ya bustani. Walimaanisha mawaridi ya krimu, yale aliyoyaminya kutoka kwenye mfuko na kuyapanga juu ya keki katika kitengo cha mikate cha duka kubwa la vyakula karibu na daraja. Alikuwa na miaka hamsini na minne, ameachika zamani, akiishi na paka mmoja mwenye kiburi. Alikwisha kupamba keki za ubatizo, za kustaafu, za mahafali zisizo na idadi, na moja ya talaka ambayo mteja alitaka iandikwe neno moja tu: "Hatimaye."

Kisha vidole vikamgeuka. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Baadaye akawa anaamka na ngumi zisizofunguka, viungo vimevimba kama tangawizi, na asubuhi moja akashindwa kufungua kifuniko cha maziwa huku paka akimtazama kwa dharau. Daktari alisema ni baridi yabisi, ile kali inayokula viungo, akamwandikia sindano ya kujichoma mwenyewe pajani kila baada ya wiki mbili. Sindano ikafanya kazi. Kabla majani hayajapukutika, mawaridi yalikuwa yamerudi. Ila bei ya dawa ile haikuwa ya mtu wa kupamba keki. Ilikuwa ikilipiwa na bima ya duka, na alipoulizia bima ya kujinunulia mwenyewe, aliambiwa kiasi cha kutanguliza kutoka mfukoni, kabla bima haijalipa hata senti, ambacho kingemeza akiba yake yote na gari juu yake.

Na bima ya duka ilikuwa na mlango mwembamba. Twila hakuwa mfanyakazi wa saa kamili. Alikuwa wa kupangiwa: wiki hii siku tano, wiki ijayo tatu, ratiba ikimjia kwenye simu kama habari za hali ya hewa. Kwa watu wa namna yake kampuni ilijumlisha saa zote, kutoka Oktoba hadi Oktoba, ikatafuta wastani. Ukifika saa thelathini kwa wiki, unapata bima mwaka mzima unaofuata. Ukipungukiwa, hata kwa ukucha, huna chako. Mwaka uliotangulia alipenya. Mwaka huu, tangu theluji ya Januari, ratiba ilikuwa ikimpa ishirini na sita, ishirini na saba.

Alimfuata Tanner Roush, mkuu wa kitengo, kijana wa miaka thelathini mwenye adabu na mashavu mekundu.

"Tanner, nipe saa."

"Ningekuwa nazo, Twila, ningekupa zote." Tanner alitazama mlango. "Huko juu wanabana. Wanasema watu wa kupangiwa wasizidi. Nikizidisha, ninayehojiwa ni mimi."

"Na Mei je? Kila nyumba itakuwa na sherehe ya mahafali. Keki zitapambwa na nani?"

"Ndiyo maana mko wawili."

Wa pili alikuwa Marlys Huffaker. Mjane huyu alitimiza miaka sitini na mitano majira yale ya baridi, akaingia kwenye bima ya serikali ya wazee, kwa hiyo ya duka hakuihitaji tena. Alikuja kazini kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya mno tangu mumewe afariki. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na kila mtu kwake alikuwa "kipenzi", hata mkaguzi wa afya.

"Kipenzi," alimwambia Twila siku moja wakila mchana chumba cha mapumziko, "mbona unautafuna huo mkate kama umekukosea?"

Twila akamweleza yote. Marlys alimaliza tango lake la siki bila haraka.

"Mimi nikiumwa, anaitwa nani?"

"Mimi. Nani mwingine anajua kushika mfuko?"

"Basi mimi mgonjwa."

"Marlys!"

"Mgongo. Umri huu nani atanibishia? Ataleta tochi aumulike?"

Twila alicheka mpaka akapaliwa. Alidhani ni mzaha. Lakini wikiendi ya kwanza ya Mei simu yake ililia, Tanner akihema upande wa pili: Marlys haji, keki zimejaa mpaka kwenye friji la nyama, tafadhali. Twila akaenda. Wiki iliyofuata vilevile. Juni alifanya kazi kama punda wa kinu, akiandika majina ya watoto wa watu na kuchora kofia za mahafali, na jioni akiloweka mikono kwenye maji ya moto. Wastani ulikuwa unapanda. Alianza kulala usingizi wa maana.

Kilichomnyima raha ni pointi. Dukani, kila siku usiyokuja bila ruhusa ya mapema ilikuwa pointi, na zikifika nane hakuna mjadala. Twila alilijua hilo, na Marlys alilijua vizuri zaidi. Walikuwa wanalizunguka kama watu wanaozunguka shimo lililofunikwa kwa majani.

Mapema Septemba Twila alimkuta Marlys akifuta meza.

"Zimefika ngapi?"

"Imebaki moja ya kunifukuzisha."

"Basi acha. Imetosha."

"Imetosha kweli?" Marlys aliweka kitambaa chini. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umefika?"

Hapo ndipo Twila angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi na lilikuwa mdomoni. Alifikiria ngumi zisizofunguka. Alifikiria kifuniko cha maziwa.

"Wikiendi hii ingenifikisha," alisema.

Marlys alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeulizwa njia akaielekeza. "Haya, kipenzi."

Jumatatu Tanner alimwita Marlys ofisini. Twila alikuwa nyuma ya kioo na mfuko wa krimu ya kijani, akichora majani. Aliwaona wakiongea. Alimwona Tanner akijifuta uso kama ndiye anayefukuzwa. Marlys akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka nayo kwapani kana kwamba ni yake. Alipopita kwenye kioo alimkonyeza. Twila hakutoka. Alichora majani mengi kuliko keki ilivyohitaji, kisha ikabidi ayakwangue yote aanze upya.

Hesabu ya Oktoba ilipofungwa, wastani wake ulikuwa umevuka mstari kwa pumzi moja. Sindano zilikuwa zake hadi mwisho wa mwaka ujao. Alikaa kwenye gari mbele ya duka akingoja furaha ije, haikuja, akawasha injini akaenda nyumbani.

Baada ya sikukuu, kampuni iliona hakuna haja ya kutafuta mpambaji wa pili. Wala wa kwanza, kusema kweli. Keki zikaanza kuja kutoka kiwandani zimegandishwa, zimeshapambwa, mawaridi yote ya saizi moja kama vifungo vya koti. Kazi ya Twila ikawa kuandika majina. Saa zikashuka hadi kumi na nane. Bima haikuguswa, maana alikuwa ameshaichuma, ila kwa sharti moja: asiache kazi. Akiacha leo, imekwisha.

"Kuna saa za kukusanya vitoroli vya wateja nje," Tanner alimwambia Januari, bila kumtazama machoni. "Kama unataka."

Akachukua. Alisukuma vitoroli kwenye upepo wa Iowa unaokata masikio, vyuma vikimuuma vidoleni kupita glavu mbili, ili wastani wa mwaka mpya usianguke, alinde bima ijayo ya kutibu vidole vilevile. Alikuwa na akili za kutosha kuliona hilo. Hakuwa na pengine pa kwenda nalo.

Huku nyuma Marlys alikuwa amefungua biashara jikoni kwake. Wateja wa miaka yote walimfuata. Oda zikamzidi, na mawaridi yake, mwenyewe alikiri, yalifanana na kabichi. Akampigia Twila. Duka lilikataza mtu wake kumfanyia kazi muuza keki mwingine, lakini Twila alikwenda kwa siri, siku zake za mapumziko, gari akiliacha mtaa wa pili.

Jumamosi moja ya Februari alikuwa katikati ya keki ya harusi ya ghorofa tatu mlango ulipogongwa. Marlys alichungulia dirishani.

"Mama yangu wee! Mke wa Tanner. Nimesahau kabisa, amekuja kuchukua ya mtoto wake. Ingia humo!"

Twila akasukumwa kwenye stoo ya vyakula, mfuko bado mkononi. Alisimama kati ya magunia ya unga na mitungi ya nyanya, mwanamke mzima, akizuia chafya.

"Jamani, mawaridi haya!" alisikia sauti ya mke wa Tanner. "Yanafanana na ya yule mama wa dukani."

"Nilimfundisha mimi," alisema Marlys.

Mlango wa mbele ulipofungwa, wa stoo ukafunguliwa. "Toka, panya." Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega, mpaka Twila akashindwa kuendelea kucheka akaketi juu ya ndoo ya mafuta.

"Liache lile duka," Marlys alisema. "Oda zipo. Tugawane sawa kwa sawa. Utasukuma vitoroli mpaka lini?"

"Na sindano atanilipia nani?"

Marlys akachukua kitambaa, akafuta mahali palipokuwa safi. 

"Marlys, ile Septemba. Ningeweza kukuambia nimefika."

"Ungeweza," Marlys alisema. "Na mimi ningeweza kwenda kazini. Maliza keki, saa nane wanaifuata."

Akamaliza. Simu ikatetemeka kabla hajanawa: mtu wa vitoroli hajafika, anaweza kuja sasa hivi? Akajibu anaweza. Kwenye taa nyekundu ya darajani aliona krimu ya waridi imebaki chini ya kucha. Akatema mate kwenye karatasi akasugua, kidole kimoja kimoja, polepole kwa sababu ya maumivu, na taa ilipogeuka kijani bado hajamaliza, gari la nyuma likampigia honi.