Kachori za Kuteremka Saluni

Ule wimbo wa bendi ya Waswidi niliujua kwa nyayo kabla sijaujua kwa masikio. Nilikuwa nimekaa mkekani katika chumba cha nyuma, Hayes, pembezoni mwa London, pazia zimefungwa, nikahisi sakafu inanidunda miguuni. Chini yetu palikuwa na saluni ya mama mmoja Mwairishi, na kila asubuhi akishafungua mlango, jambo la kwanza lilikuwa kuweka santuri ile ile. Piano ilianza kwa kuteremka mbio, kama mtu aliyeteleza ngazini, ikaingia ngoma ya disko, kisha zikapanda sauti za wanawake wawili waimbaji. Mwaka ule wimbo huo ulikuwa kila mahali London. Mimi nilikuwa eda.

Mume wangu alifariki kazini, katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Moyo ulimsimama akiwa ameshika toroli. Hatukuwa tumetimiza mwaka wa ndoa. Mimi nililetwa kutoka Mombasa kama bi harusi, kumfuata yeye na mama yake, ambao walihamia Uingereza baada ya duka la ukoo wao kunyimwa leseni, kama Wahindi wengi wa kwetu. Alikuwa mpole, na kila siku alikuwa amechoka. Aliondoka kabla sijaamka, akarudi na usingizi machoni. Nilimlilia, lakini kilichoniliza hasa ni kwamba sikupata kumjua, na hilo sikuwa na wa kumwambia.

Basi miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, mlango hauvukwi. Mombasa mjane hukaa eda katikati ya watu. Shangazi huingia na kutoka, majirani huleta uji, watoto hugombana barazani. Hayes tulikuwa wawili tu, mimi na mavyaa, yaani huyo mama yake marehemu, na bomba la maji ya moto likigugumia ukutani. Kulikuwa na saa za mchana ambapo nilitamani hata ugomvi wa watoto wa watu.

Na eda angalau ina mwisho. Lililonikaba roho ni lile lililokuwa likinisubiri huko mwishoni. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na duka la vyakula Leicester. Siku ya kuondoa matanga alitangaza mbele ya watu, akipangusa vidole baada ya biriani, kwamba eda ikiisha atakuja kunichukua. Mkewe ana watoto wadogo, duka lina kazi nyingi, na mimi ni amana yao. Wageni wakaitikia kwamba ni jambo la heri. Hakuna aliyeniuliza. Nilimtazama mavyaa aseme neno, naye alikuwa akikusanya sahani.

Kwa hiyo nilikaa gizani nikiuona mwisho wa eda kama mlango wa chumba kingine. Nilijua kitakavyokuwa: kaunta, magunia ya mchele, watoto wa mtu mwingine mgongoni, na mwanamume mwenye shingo nene akiniuliza kila jioni nimeuza nini.

Katika hali hiyo ndipo Waswidi waliponikuta. Mwanzoni niliona haya. Mume wangu yuko kaburini, na mimi kidole gumba cha mguu kinafuata ngoma! Nilijifinya paja. Kidole kikatulia, halafu kikaanza tena. Asubuhi moja mavyaa aliingia na chai akakiona. Alikitazama kitambo. Nikavuta mguu ndani ya leso.

Siku ile ile alikaanga kachori. Akazipanga kwenye sahani yenye maua, akavaa juu ya gauni lake koti la marehemu mwanawe, lililomfika magotini, akateremka saluni. Nilielewa mara moja. Kwetu huendi kumlaumu jirani mkono mtupu, na lawama ikiwa kubwa, sahani nayo hujaa zaidi. Sahani ile ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Nikasema moyoni, basi, hata wimbo nao unaondoka.

Aliporudi alikuwa akihema.

"Nishazungumza naye," alisema.

"Asemaje, Mama?"

"Asema kachori ni tamu."

Kesho yake asubuhi wimbo ulikuja kwa nguvu hata kijiko kikatetemeka ndani ya kikombe. Niliziba mdomo kwa leso nisicheke. Masikini yule Mwairishi! Mzee asiye na Kiingereza amemwonyesha dari, amemwonyesha kinanda cha santuri, kisha amemtilia mkononi sahani ya kachori. Angeelewa nini, kama si kwamba juu kuna watu wanaoupenda wimbo wake?

"Mama," nilisema, "nikamweleze mimi? Ni mwanamke mwenzetu, nitasimama mlangoni tu."

"Wewe uko eda. Tulia."

Wiki iliyofuata zilishuka bhajia. Sauti ikapanda tena. Zikashuka mahamri, na sasa hata bomba la ukutani halikusikika. Sahani zilirudi na biskuti za siagi. Mavyaa alisifu kwamba yule mama ana adabu, harudishi chombo kitupu, na wala hakuonekana kuudhika. Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Sikumsahihisha. Nilimwomba Mungu mavyaa aendelee kutofahamika.

Maana nilikuwa nimeanza kuungoja wimbo ule. Nilijifunza kucheza nimekaa, kwa mabega na vidole tu. Wimbo ulipokuwa ukipigwa nilisahau Leicester, na ulipokwisha nilibaki na moyo unaokwenda mbio na ukuta uko pale pale. Jumapili saluni ilifungwa. Jumapili nilikuwa nalia.

Siku ya kutoka eda mavyaa aliniogesha, akanifukizia udi, akanivisha leso mpya. Begi langu lilikuwa limefungwa tayari, nimelifunga mwenyewe. Shemeji alifika na gari lake la kubebea bidhaa. Hakuketi.

"Haya, twende, njia ni ndefu."

"Kunywa chai kwanza," mavyaa alimwambia mwanawe. "Huyu haendi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Haendi wapi?"

"Haendi kwako. Ana kazi. Jumatatu aanza hapo chini."

"Kazi ya kushika nywele za wazungu? Mama, watu watasema nini?"

"Watasema mamako ndiye aliyemruhusu."

Shemeji alinigeukia kama kwamba nimepanga mimi, nami nilikuwa nimetoa macho kuliko yeye. Akafoka, akataja heshima ya ukoo, akamtaja marehemu. Mavyaa alimwacha amalize, akamfungia kachori za njiani. Alizichukua, na mlango akaubamiza.

Nilimfuata mavyaa jikoni.

"Mama, kazi hiyo umeiombaje? Kwa Kiingereza kipi?"

Aligeuka na mwiko mkononi. "Waniona mjinga? Nimesimama kaunta Mombasa miaka na miaka, mabaharia wa Kiingereza waingia na kutoka, nitashindwa kumwambia mtu aongeze sauti?"

Nilikaa juu ya ndoo ya mchele.

"Mimi nilipofiwa na baba yao nilikuwa rika lako," alisema, akirudi kwenye sufuria. "Nikatiwa chumba cha ndani. Sikusikia kitu ila saa ya ukutani. Siku ya kutoka, shemeji yangu yuko mlangoni. Nikatolewa chumbani nikatiwa dukani kwake, na humo sikutoka mpaka serikali iliponyima leseni. Basi nilipouona mguu wako ule…"

Nilitaka kumkumbatia, akaniambia nisogee, mafuta yanaungua.

Jumatatu asubuhi, nikiwa navaa viatu, nilimwona amehamisha mkeka wake. Ameutandika katika chumba cha nyuma, mahali pangu, na pazia hakuzifungua. Koti la mwanawe alikuwa amelikunja juu ya mto. Miezi yote ile nilikuwa nikijihesabu mimi kuwa mfiwa wa nyumba ile. Nilisimama mlangoni na kiatu kimoja, nikaona aibu, nikashuka.

Mama Mwairishi alinipa aproni na ufagio, akafungua mlango, akaweka santuri. Piano ikateremka. Kwa mara ya kwanza niliusikia wimbo mzima, bila mbao katikati, nao ulikuwa mtamu kuliko nilivyodhani. Nilitazama dari. Kisha nikaenda kwenye kinanda cha santuri nikazungusha kitufe cha sauti.

Mteja wa kwanza, bibi mmoja mwenye vibiringo vya kukunjia nywele kichwani, aliuliza kelele zote hizi ni za nini. Nikamwambia juu kuna mtu amefiwa na mwanawe.

Akasema basi si ningepunguza.

Nikaongeza.