Mlimau wa Baba Kwenye Kopo la Maziwa

Miche sita ilinifia sebuleni ndani ya mwezi mmoja. Na nilikuwa na hakika muuaji anaishi nyumbani kwangu, hapahapa mtaani Muhumba.

Sikilizeni, jamani.

Ilikuwa milimau. Mbegu zilitoka kwenye mti wa marehemu baba, kule kijijini Luhwindja. Wachimba dhahabu waliung'oa, likabaki shimo. Mama yangu, Maman Micheline, ambaye sasa anaishi nasi, aliwahi kuokota limau moja tu. Mbegu saba.

Nikazipanda kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikayapanga karibu na dirisha, juu ya kapeti yetu mpya. Zikaota zote! Kisha majani yakaanza kugeuka manjano. Mche mmoja chini. Wa pili chini.

Ukabaki mmoja.

Nikawa kama kichaa. Nikiamka, kikombe cha maji. Kabla ya kutoka, maji. Nikirudi, hata viatu sijavua, maji. Kazini nampigia mke wangu Gisèle kila saa: "Iko aje?"

"Luc, ile ni muti, haiko mutoto! Acha ipumue!"

Jumatano nikatoroka kazini saa nne asubuhi, nikajificha nyuma ya pazia nimvizie muuaji.

Mlango ukafunguka. Maman! Katoka misa, mkononi ana chupa ndogo. Akaliinamia kopo langu, midomo inacheza.

Nikaruka. "Maman! Kumbe ni wewe unaua miti ya marehemu papa?"

Chupa ikamponyoka. "Mimi? Ni maji ya baraka, mutoto wangu. Natiaka matone tatu tu, naombea ile ya mwisho."

Akaanza kulia. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikanyakua kopo nimwonyeshe ushahidi. Lilikuwa zito ajabu. Nikaliinamisha kidogo, yakamwagika maji meusi yananuka.

Maman akapapasa chini ya kopo. "Luc, tundu iko wapi?"

Hakukuwa na tundu. Sikutoboa hata kopo moja, eti kapeti isilowe. Mtoto wa mkulima mzima! Muuaji nilikuwa mimi na kikombe changu.

Niliona aibu mpaka nikapiga magoti. Maman alienda jikoni, akarudi na msumari na jiwe.

"Toboa."

Leo mlimau una majani tisa, na kapeti ina doa kubwa ambalo Gisèle ananikumbusha kila siku.

Ndugu yangu, kabla hujamtafuta mchawi nyumbani kwako, geuza kopo lako uangalie chini. Mimi niliangalia nikiwa nimeshamliza mama yangu.