Mama wa Simu wa Gatina

Siku barua ya chuo kikuu ilipofika, baba aliisoma mara mbili akiwa bado amesimama mlangoni, vumbi la mawe limemganda kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa mawe. Alitoka kwetu Magharibi akiwa kijana, akawajengea watu wengi nyumba Nairobi, na sisi wenyewe tukakaa Mashimoni, Kibera, katika chumba cha mabati cha kupanga. Alipofika mahali palipoandikwa nitakachosomea, aliinua macho.

"Historia na siasa za mataifa," alisema polepole. "Siasa, mwanangu? Si utafungwa?"

Hakuwa akitania. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu walikuwa bado wanaangalia nyuma kabla ya kulitamka neno hilo. Majirani waliokuja kunipongeza walitaka kujua kama hiyo ni njia ya udaktari au ya uwakili. Mama, aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya reli, aliwajibu bila kusita, "Ni ya ubalozi." Hakujua, lakini alisema kwa sauti iliyowanyamazisha wote.

Sikujua pia. Nilichokuwa nacho ni kupenda ramani tu. Chuoni ndipo nilipokutana na mtu aliyenifanya nione kwamba nimechagua jambo kubwa. Alikuwa mhadhiri wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, hivi kwamba wanafunzi mia moja walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Alifundisha bila karatasi mkononi. Alitusimulia mikutano ya wafalme na mawaziri wa nchi za mbali kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Lakini mwanafunzi akisema jambo kwa uhakika kupita kiasi, alimtazama na kumuuliza, "Nani aliona?" Kama hukuwa na jibu, ulikaa chini.

Katika mwaka wa tatu kila mmoja wetu alitakiwa kuandika utafiti wake mwenyewe. Wenzangu waliwahi kuchukua mada za mataifa makubwa. Mimi nilichelewa kwa sababu ya malaria, nikaokota iliyobaki: kuvunjika kwa jumuiya ya nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, katika miaka ya sabini. Niliisoma kwenye vitabu vichache vya maktaba na nikaona ni habari kavu, mawaziri wakigombana kuhusu reli, ndege na posta.

Kisha chuo kikafungwa. Kulikuwa na mgomo, mawe yakarushwa, na ilipofika adhuhuri tulitangaziwa kwamba saa tisa asikutwe mtu. Nilirudi Mashimoni kwa miguu, begi kichwani, bila kitabu hata kimoja cha maktaba. Nilikaa wiki mbili nikimsaidia mama kupima omena kwa mkebe, huku nikilalamika kwamba mwaka wangu umeharibika.

Mama alivumilia, halafu siku moja akachoka.

"Hiyo jumuiya unayoililia," alisema, "si kuna mama tunasali naye mikutano ya akina mama, anakaa Gatina, huko Kawangware? Alikuwa anafanya kazi ya simu Kampala wakati huo. Nenda umwulize."

Nilimwambia kwamba utafiti hauandikwi kwa maneno ya watu wa kanisani. Aliendelea kupima.

Siku iliyofuata nilienda. Nilivuka Ngong Road, nikapita Dagoretti Corner, nikafika Gatina jua likiwa limepanda. Nilimkuta katika kibanda cha mbao karibu na kanisa, akifuma sweta za shule kwa mashine. Aliusukuma mkono wa mashine kushoto na kulia, na kila uliporudi, safu moja ya sufu ya buluu ilikuwa imeongezeka. Alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka upande wa ziwa, kama miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilijitambulisha kuwa mtoto wa fulani wa omena.

"Nyathina," alisema, kama Waluo wanavyomwita mtoto wao, "keti hapo kwa gunia. Mama yako alisema unaandika kitabu."

"Si kitabu, mama. Ni kazi ya chuo. Nasikia ulikuwa kwenye simu wakati jumuiya inavunjika."

"Nilikuwa."

"Simu za mawaziri zilipita kwako?"

"Zilipita. Kampala na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mikono hii ndiyo iliyowaunganisha."

Nilitoa daftari, nikauliza swali ambalo mtafiti yeyote angeliuliza. "Walikuwa wanaambiana nini?"

Mashine ilisimama. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa leso.

"Hilo sitakwambia. Tuliapishwa."

"Lakini mama, ni zamani. Waliokuapisha hawapo. Hata hiyo jumuiya yenyewe haipo."

"Mimi nipo," alisema. "Niliapa kwamba ninayoyasikia kwenye waya yatabaki kwenye waya. Mume wangu alikufa bila kuyajua. Sasa nikwambie wewe kwa sababu umekuja na daftari?"

Alisema bila hasira. Niliona aibu hata hivyo, nikaanza kufunga daftari. Akanizuia kwa mkono.

"Wewe umeuliza ya wakubwa. Uliza yangu. Yangu nitakupa."

Nilienda Gatina karibu kila siku kwa muda wa mwezi mzima. Nilimshikia nyuzi, nikashona vifungo, na yeye akanipa yake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu alipopelekwa Kampala, baada ya mafunzo, kwa sababu alijua Kiingereza kizuri na hakuwa na papara. Kila asubuhi kabla ya kazi, wasichana wa vituo vitatu walijaribu nyaya zao kwa kusalimiana. Wa Nairobi alikuwa mcheshi. Wa Dar es Salaam alikuwa na Kiswahili kilichonyooka, na ndiye aliyemfundisha kwamba haisemwi "kitu ingine". Walijuana kwa sauti tu. Walijua nani ana mafua, nani ameposwa, nani amefiwa, lakini hakuna aliyewahi kuuona uso wa mwenzake.

Mambo yalipochacha kati ya nchi, nyaya zikawa za wakubwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Raia wa kawaida walipanga foleni posta wakaambiwa wangoje. Wengine walingoja mpaka kesho yake. Hapo ndipo wale wasichana watatu, bila kuandikiana wala kukutana, walipopatana. Mkubwa mmoja akimaliza na mwingine hajaanza, palikuwa na mwanya wa dakika mbili, wakati mwingine tatu. Kwenye mwanya huo walimpitisha mtu mmoja wa foleni.

"Mlimpitisha nani?" nilijisikia nikiuliza, na nilitaka kujua kwa kweli. Sikuwa nauliza tena kwa ajili ya chuo.

"Mwenye msiba kwanza. Halafu mwenye mgonjwa. Kulikuwa na mzee mmoja mwashi, Mkenya, alitaka kumwambia bibi yake Kisumu auze ng'ombe na asimngoje. Alipiga kelele kwenye simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nilimwambia, 'Mzee, sema pole pole, waya unabeba sauti.' Akaanza kulia. Dakika zake zikaisha akilia. Yule wa Nairobi akaniambia, 'Mwachie, nitamdanganya mkubwa kwamba laini ina kelele.'"

Alicheka, akafuta jicho, akasukuma mashine.

Siku aliyoambiwa afungashe arudi Kenya, aliwaaga wenzake kwa waya. Yule wa Dar alimwambia, "Haya dada, tunza sauti yako." Aliporudi, yule wa Nairobi alikuwa ameshahamishwa, na kazi ilikuwa imejaa watu waliorudi kama yeye, akangoja, akachoka, akanunua mashine ya kufuma.

Niliandika yote kwa Kiingereza, kama chuo kilivyotaka, kurasa arobaini kwa mkono. Nilipomaliza nilimpelekea asome, nikidhani nampa heshima. Alichukua penseli ya kupimia sweta. Nilikaa kwenye gunia nikimtazama akinirekebishia Kiingereza ukurasa baada ya ukurasa, nukta hapa, wakati uliopita pale. Ndani ya kibanda cha mbao cha Gatina, fundi wa sweta alikuwa ananisahihishia lugha niliyojivunia tangu darasa la kwanza. Alikuwa sahihi kila mahali.

Lakini nilikuwa na jambo gumu la kumwambia. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kusoma magazeti ya zamani katika maktaba moja mjini. Yeye aliniambia kwamba mpaka wa Tanzania ulifungwa kwanza, ndipo ndege za jumuiya zikasimama. Magazeti yalionyesha kinyume. Ndege zilisimama kwanza. Nilizunguka na jambo hilo siku tatu. Nilifikiri kuliacha kama alivyosema, maana nilimpenda, na nani angejua? Halafu nilisikia ile sauti ya chini ya mhadhiri wangu.

Nilimwambia. Alisukuma mashine mpaka safu nne zikaisha.

"Una uhakika?"

"Nimeona magazeti ya siku tano, mama. Yote yanasema hivyo."

"Basi miaka imenichanganyia," alisema. "Andika gazeti lilivyosema. Halafu andika nami nilivyokumbuka. Usinifiche kosa langu, nisije nikaonekana shahidi wa kutengenezwa."

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye siku hiyo. Nimewaona baadaye wenye shahada tatu wakishikilia tarehe mbovu mpaka wakagombana na marafiki.

Chuo kilipofunguliwa niliipeleka kazi. Wenzangu walikuwa wamesikia, na kijana mmoja aliyekaa mstari wa mbele alinisalimu, "Niaje, kumbe umehoji mama wa sweta?" Darasa likacheka. Mhadhiri aliisoma kwa wiki moja, kisha akaniita ofisini.

"Hapa kuna nafasi tupu," alisema, akigonga ukurasa kwa kidole. "Mawaziri walisema nini?"

"Alikataa kuniambia, Daktari. Aliapa."

"Uliandika kwamba alikataa?"

"Niliandika."

Alifungua ukurasa ule, akausoma tena, akatikisa kichwa polepole. "Watu wengi wangebuni," alisema. Halafu akauliza kama mama huyo angekubali kuja darasani.

Alikuja siku ya Alhamisi, amevaa suti ya kijivu ya kanisani na viatu vilivyong'arishwa. Nilimpokea getini. Mhadhiri alimkaribisha kwenye kiti chake mwenyewe, na yeye akasimama ukutani pamoja na sisi tuliokosa viti. Mama alisimulia kwa nusu saa, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili. Alianza kwa kusema alipokosea kuhusu ndege na mpaka, kabla mtu yeyote hajamwuliza.

Yule kijana wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Kwa maoni yako, mama, ni nani aliyeivunja jumuiya?"

Tulingoja. Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa na jibu la swali hilo, na kila kimoja kilikuwa na jibu lake.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa kwenye waya. Sikuwa kwenye chumba walichokaa."

Nilimtazama mhadhiri. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu kama mtu aliyesikia muziki anaoupenda. Kijana alikaa, lakini mkono wake ulinyooka tena, na safari hii sauti ilikuwa tofauti.

"Mama, hizo nyaya zilifanyaje kazi? Sisi hatujawahi kuona."

Mama akasimama. Alipanga mikono yake juu ya meza tupu ya mhadhiri, na vidole vikaanza kwenda, hiki kikichomeka waya, kile kikichomoa, haraka sana kwa mtu wa umri wake, na sauti yake ikabadilika. Ikawa nyepesi, ya msichana. "Nairobi, Kampala hapa. Dar es Salaam, endelea. Mzee, zungumza sasa." Watu walisogeza viti karibu ili waone mikono. Hakuna aliyetazama saa, hata kengele ya somo lililofuata ilipolia na wanafunzi wengine wakajaa mlangoni wakingoja chumba.

Kazi yangu ilipata alama nzuri, ingawa si ya juu kabisa. Mhadhiri aliandika chini kwamba nimetegemea shahidi mmoja kupita kiasi, na alikuwa sahihi. Baadaye nikawa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Sikuwahi kwenda ubalozi wowote, na baba, ambaye kila mwaka alikuwa anangoja nikamatwe, alitulia hatimaye.

Jioni ile ya Alhamisi nilimsindikiza yule mama wa Gatina mpaka stendi. Alikuwa amechoka, ameshika mkono wangu. Nilimwuliza kama angependa niwatafute wale wenzake wawili, kwa barua au kwa tangazo la gazeti.

"Acha," alisema. "Nikiwaona sasa nitakuta wamama wazee kama mimi. Nitasahau sauti zao."

Gari la Kawangware lilikuja, akapanda, akaniambia kupitia dirisha nimsalimie mama yangu.