Siku Tuliyogombania Sifuri Wundanyi

Mvuje una harufu isiyoomba ruhusa. Juzi nilikuwa jikoni kwa rafiki yangu, akafungua kikopo kidogo cha plastiki, na kabla hajaniambia kilichomo nilikuwa nimesharudi Voi, miaka ishirini na kitu nyuma, nimekaa kwenye kigoda katika ua wa Ba Ramila, mbegu za haradali zikirukaruka ndani ya mafuta ya moto. Wasomaji wa pwani mtanielewa. Kwa wasioujua, mvuje ni utomvu uliokaushwa, unaonuka kama kitunguu saumu kilichokasirika. Nyanya yangu wa mlimani Sagalla aliujua kama dawa ya kufukuzia mapepo tu. Nilipomwambia kwamba mama mwenye nyumba wetu anautia kwenye dengu, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi nyumba hiyo ina usalama."

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba hiyo, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Mama alikuwa muuguzi wa zamu. Baba aliendesha malori ya masafa, na tulimwona kama tunavyoona mvua Voi, yaani kwa nadra na kwa shangwe. Kwa hiyo nilipotoka shule nilimkuta Ba Ramila, mjane mwembamba mwenye sari nyeupe na sweta la kijivu ambalo hata joto la Januari halikumvua. Alizaliwa Voi, na baba yake alizaliwa Voi. Wanawe walikuwa Ulaya, na kila mwaka walimwita aende. "Nikaishi mahali ambapo hata jua linaogopa kutoka?" alikuwa akiniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemkatia tiketi. "Ba" ni "mama" kwa Kigujarati. Alitaka nimwite hivyo, nami nikamwita hivyo mpaka mwisho.

Mtaani walisema ni bahili. Ushahidi wao ulikuwa kwamba hali nyama, hali mayai, na kwamba hata kitunguu na kiazi havikuingia jikoni mwake. Mji mzima ulikuwa ukila viazi karai, yeye alipita akiangalia mbele kama askari wa gwaride. Siku moja nikamuuliza waziwazi, kwa ujinga wa msichana wa miaka kumi na miwili, kama ni kweli anabana pesa.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, ukichuma embe, mwembe unabaki. Ukichimba kiazi, umeuua mmea wote, pamoja na vijidudu vilivyokuwa vimelala huko chini. Sisi tunajitahidi tusiue."

"Hata siafu?"

"Hata siafu. Lakini siafu wenyewe hawana dini hiyo, kwa hiyo inua miguu."

Mvuje, kumbe, ndio uliokuwa ukikaa kwenye kiti cha kitunguu. Maji aliyachuja kwa kitambaa kabla ya kunywa, na jua likishazama hakula tena chochote, asije akameza mdudu gizani. Nilimwambia kwamba nilikuwa najua Wahindi wote wanaabudu ng'ombe. Akaweka mwiko chini.

"Wewe ni Mkamba?"

"Hapana, Ba! Mimi ni Msagalla."

"Mtaveta?"

"Hapana."

"Lakini wote ni watu weusi wa hapa hapa, si ndiyo? Basi na India iko hivyo. Kuna Wahindu, kuna Waislamu, kuna Masingasinga, kuna Wakristo waliobatizwa kabla nchi nyingi za Ulaya hazijamsikia Yesu. Na kuna sisi, Wajaini."

Hilo la Wakristo lilinishtua kuliko yote. Kwa akili yangu, Ukristo ulikuwa umepanda Sagalla na wamishonari ukitokea moja kwa moja Uingereza. Kisha akaniambia kwamba dini yake haifundishi kuwa kuna aliyeiumba dunia. Dunia ilikuwepo siku zote na itakuwepo. Hilo sikumpelekea nyanya. Kuna habari zisizopanda mlima.

Tangu hapo ikawa mchezo wetu. Nilileta kitu, yeye anakitafutia India ndani yake. Nikamletea ubao wa nyoka na ngazi. Akasema mchezo huo ulibuniwa kwao kufundisha watu maisha. Kila ngazi ilikuwa na jina la jambo jema, kama ukarimu au imani, na kila nyoka jina la uovu, hasira, wizi, uongo. "Na nyoka waliwekwa wengi kuliko ngazi," alisema. "Wazee hawakutaka kudanganya mtu." Nikamletea maneno. Gari, akasema, la kwetu. Chapati, la kwetu. Laki, dobi, ya kwetu. Nilikasirika kidogo, nikahisi kama nimefungua sanduku langu la shule nikakuta limejaa vitu vya jirani. Halafu nikaanza kulipenda jambo hilo, maana jirani mwenyewe nilimpenda.

Jioni moja nilimletea kazi ya Kiswahili. Tuliambiwa tueleze maana ya methali, na methali yangu ilikuwa "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Nilimsomea kwa sauti kubwa, bila kufikiri Baniani ni nani. Mikono yake, iliyokuwa ikichambua dengu, ilisimama.

"Andika," alisema, "kwamba hata mtu usiyempenda anaweza kukufaa."

Nikaandika. Nikapata alama zote. Lakini jioni ile hakuniambia kitu kingine cha India, na mimi nikadhani amechoka.

Sifuri alinifundisha kwa unga. Aliumwaga kwenye sinia, akachora duara kwa kidole. Zamani, alisema, watu wengi walihesabu vitu vilivyopo tu: mbuzi watatu, magunia saba. Wazee wa kwao wakakihesabu hata kisichokuwepo, wakakipa alama, wakakifanya namba kamili unayoweza kuijumlisha na kuitoa. Waliiita *shunya*, kitu kitupu. "Bila hiyo," alisema, "Mwalimu wako angekupa nini ukishindwa mtihani?"

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la saba, shule yetu ilifika fainali ya mashindano ya maswali na majibu, kule Wundanyi, mji wa mlimani. Tulikuwa wawili, mimi na Mwakio, kijana mpole mwenye kichwa kikubwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Shule yetu ilikuwa haijawahi kushinda chochote, isipokuwa labda utoro. Wapinzani wetu walikuwa shule nyingine ya Voi, wakiongozwa na Zuhura, binti wa mwalimu wa madrasa ambaye mji wote ulimwita Ustadhi. Kila mtoto alitakiwa aje na mzazi. Baba alikuwa njiani kwenda Malaba, mama yuko zamu. Ba Ramila akafunga sweta lake vifungo vyote, akachukua kopo lake la chakula, akasema, "Twende mlimani."

Ukumbi ulijaa. Wundanyi kulikuwa na ukungu, na watu wa Voi tulitetemeka kama kuku walionyeshewa. Ba aliketi safu ya tatu, mwanamke pekee mwenye sari mle ndani, na niliona watu wakigeuka kumtazama kisha kunitazama mimi, wakitafuta uhusiano.

Tulipanda sambamba, swali kwa swali, mpaka tukafika la mwisho tukiwa sare. Msimamizi, mwalimu mmoja mwenye tai nyekundu, akasoma kadi: "Tarakimu tunazotumia, moja hadi tisa pamoja na sifuri, asili yake ni wapi?"

Nilibonyeza kengele kabla hajavuta pumzi. "India!"

Akaangalia kadi. "Si sahihi. Swali linakwenda upande wa pili."

Zuhura akasimama wima. "Uarabuni."

"Sahihi!"

Upande wao ukalipuka kwa makofi. Mwakio alinitazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtoto wa Kisagalla aliyelelewa vizuri hafanyi mbele ya wakubwa. Nilikataa kukaa.

"Mwalimu, samahani, ni India."

"Kadi inasema Uarabuni, mwanangu. Zinaitwa tarakimu za Kiarabu. Keti."

"Waarabu walizipeleka Ulaya, Mwalimu. Walizitoa India. Na sifuri pia. Inaitwa shunya."

Kicheko kikapita ukumbini. Kutoka nyuma mtu akasema, si kwa sauti ndogo, "Huyo amefundishwa na Mhindi wake." Wakacheka zaidi. Niligeuka kumtafuta Ba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, na nikamwomba kwa macho asimame aseme kitu. Hakusimama. Nawaambia ukweli, dakika ile nilimkasirikia. Lakini sikuketi, kwa sababu sikujua ningeketi vipi kisha nirudi naye nyumba moja.

Ndipo kiti kikasogea upande wa wapinzani. Ustadhi, baba yake Zuhura, alikuwa amesimama, kofia yake nyeupe, mkono mmoja juu.

"Naomba radhi, Mwalimu. Mimi ni mzazi tu, wala sina haki ya kusema hapa. Lakini Kiarabu nakisomesha. Waarabu wenyewe, tarakimu wanazoziandika wanaziita *arqam hindiyya*. Maana yake tarakimu za Kihindi."

Msimamizi akaitazama tena kadi yake.

"Na hii sifuri yetu," akaendelea taratibu, kama yuko darasani kwake, "ni neno la Kiarabu, *sifr*, kitu kitupu. Wataalamu wanasema Waarabu walikuwa wanatafsiri hilo hilo neno alilolitaja binti huyu. Jawabu lake ni sahihi. Jawabu la mwanangu si sahihi."

Zuhura alimtazama baba yake kana kwamba amemwaga maji ya mtungi wa mwisho. Msimamizi alifungua tai, akaifunga. Waamuzi watatu wakainuka wakaenda chumba cha nyuma, na wakakaa huko muda mrefu sana. Baadaye tulisikia walimtafuta mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati nyumbani kwake, akaja na kitabu kikuukuu chini ya kwapa. Kupitia madirishani niliona ukungu ukigeuka rangi ya chungwa, kisha rangi ya majivu. Walipotoka, mwenye tai nyekundu alisema maneno machache: kadi ilikosewa, shule yetu imeshinda.

Mwakio alipiga yowe ambalo sikujua analo. Mwalimu wetu mkuu alilia hadharani. Mimi nilipita katikati ya watu nikaenda kwa Ba, nikitegemea kukumbatiwa. Alikuwa amejifunika uso kwa pindo la sari. Aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Kisha akainuka, akavuka ukumbi mbele ya watu wote mpaka kwa Ustadhi. Akaunganisha viganja, akainama. Ustadhi akaweka mkono kifuani, naye akainama.

Tulishuka mlima gizani. Mama mmoja alitugawia mahamri na chai ya chupa. Nilikula manne. Ba alishukuru, akampa Mwakio la kwake. Nilipomwuliza kama haoni njaa, alisema, "Leo nimeshiba." Nilikuwa mkubwa kabisa, na mwenyewe nina watoto, nilipokumbuka kwamba hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mchana, na kwamba kila dakika ambayo waamuzi walikaa kule ndani ilikuwa inakula chakula chake cha jioni. Angeweza kutoka nje akafungua kopo lake jua likiwapo bado. Hakutoka.

Kunyamaza kwake ukumbini nilikuwa nimekuelewa mapema zaidi, nikiwa chuo. Nilikuwa nimerudi likizo, yeye amezeeka, anasikia kwa sikio moja. Nikamwuliza kile kilichonikaa moyoni miaka yote: Ba, siku ile Wundanyi ulijua jibu kuliko wote. Mbona uliniacha nisimame peke yangu?

Alinigeuzia lile sikio linalosikia.

"Ningesimama mimi, wangeona Mhindi anajisifu," alisema. "Nimeishi hapa umri wangu wote, najua namna wanavyonisikia. Uliposimama wewe, wakaanza kujiuliza. Aliposimama yule baba, ambaye alikuwa na kombe mkononi akaliachia, ikawa kweli." Akanipiga kofi dogo la shavu. "Usifikiri ilikuwa rahisi kunyamaza. Nilitaka kupanda juu ya kiti."

Leo ninafundisha hisabati. Watu wakiniuliza jambo ninalojivunia zaidi, hutegemea nitaje digrii au wanafunzi waliofaulu. Mimi hutaja ukumbi wenye baridi, na mtoto wa Sagalla anayetetemeka akitetea hesabu za wazee wasio wazee wake. Nilidhani wakati ule kwamba ninamsaidia Ba Ramila kushinda. Sikujua kwamba yeye, kwa kuinamisha kile kichwa, alikuwa ananiachia nafasi; na kwamba kulikuwa na baba mmoja ukumbini ambaye aliona bora amrudishe binti yake nyumbani mikono mitupu kuliko kumrudisha na kisicho chake. Zuhura alininunia muhula mzima. Siku ya harusi yangu alikuja na baba yake, wakakaa safu ya mbele, na Ba Ramila akawa katikati yao.